Fizikia ya Mpemba na Swali la Kweli au Si Kweli

Ukitoka katikati ya jiji la Mwanza kuelekea uwanja wa ndege, ukishaipita Kirumba unaingia Pasiansi. Hapo, tangu mwaka 1966, kipo chuo kinachoandaa askari wa wanyamapori. Kazi ya askari hao husimama juu ya taarifa. Anayerudi kutoka doria akasema ameona nyayo, hajasema kitu bado. Ataulizwa nyayo za nini, wapi, saa ngapi, zilikuwa mbichi au zimekauka, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama upande gani. Bila hayo mkuu wake hawezi kuiita taarifa ile ya kweli wala ya uongo. Haijafika hatua hiyo.

Naanzia Pasiansi kwa sababu mtu ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa wa fani hii hii. Erasto Mpemba alisoma Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, mkoani Kilimanjaro, akawa ofisa wanyamapori serikalini. Lakini wanasayansi wa dunia wanalitaja jina lake kwa jambo jingine kabisa: swali aliloliuliza akiwa mwanafunzi wa sekondari, akachekwa kwa ajili yake miaka kadhaa.

Historia hii ina njia mbili. Moja ilianzia kwenye friza ya shule huko Lushoto mwaka 1963. Nyingine ilianzia Princeton, Marekani, mwaka 1935, katika makala ya kurasa chache iliyoandikwa na Albert Einstein na wenzake wawili kuhusu chembe ndogo kabisa za maada. Njia hizo zilikwenda sambamba bila kujuana, mpaka zilipokutana mwaka 2023. Zote mbili zinauliza swali moja: je, kila kauli inayoeleweka ni lazima iwe kweli au si kweli, hata kabla mtu hajapima?

Maziwa ya moto

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, juu katika milima ya Usambara. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo na wenye kuitaka walikuwa wengi. Siku moja mwenzake, ili awahi, alichanganya sukari na maziwa bila kuyachemsha akayamimina kwenye trei. Mpemba alikuwa ndiyo kwanza ameyachemsha ya kwake. Alipoona nafasi ya mwisho inampotea akaamua liwalo na liwe, akayaingiza yakiwa bado ya moto.

Baada ya saa moja na nusu hivi walikwenda kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Akakubali yaishe. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu mjini Tanga akamwambia kwamba yeye huutia mchanganyiko ukiwa wa moto kwa makusudi, maana ndivyo unavyowahi kuganda. Kwa hiyo jambo lililokuwa haliwezekani darasani lilikuwa likiendesha biashara Tanga mjini.

Mpemba akaendelea na masomo Mkwawa, Iringa. Darasa lilipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Tangu siku ile, kila alipokosea hesabu au jibu lolote, wenzake walimwambia kwamba hiyo nayo ni ya Mpemba. Lakini hakuliacha. Alipoikuta maabara ya biolojia iko wazi, alichukua bika mbili ndogo, akajaza moja maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza. Baada ya saa moja aliona barafu nyingi zaidi kwenye ile iliyoanza na maji ya moto.

Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado Chuo Kishiriki. Alikuwa Dkt. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia, aliyealikwa kuzungumza na wanafunzi kuhusu fizikia na maendeleo ya taifa. Wakati wa maswali Mpemba alisimama, akauliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, chenye nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wanafunzi wakaangua kicheko. Osborne alitabasamu, akamwomba alirudie swali lake, kisha akasema hajui, ila atakwenda kulijaribu.

Tazama alivyouliza kijana yule. Ametaja vyombo, ametaja ujazo, ametaja joto la kuanzia kwa tarakimu. Hakusema tu kwamba maji ya moto huganda haraka. Alitoa taarifa ya doria iliyokamilika, na taarifa iliyokamilika inaweza kupimwa.

Mgiriki mmoja, vitabu viwili

Mpemba hakuwa wa kwanza kuliona jambo hili. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle, katika kitabu chake kuhusu hali ya hewa, aliandika kwamba wavuvi wa Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, walipopiga kambi juu ya barafu ili kuvua, waliyamwagia matete yao maji ya uvuguvugu ili yagande upesi na kuyashikilia. Francis Bacon na René Descartes nao waliligusia katika karne ya 17. Baada ya hapo, elimu ya joto ilipopata kanuni zake, habari hiyo iliachwa kando kana kwamba ni hekaya.

Aristotle huyo huyo, katika kitabu kingine, ndiye aliyeuliza swali lililo mama wa mjadala wetu. Mtu akisema leo kwamba kesho kutakuwa na vita vya baharini, je, kauli yake ni kweli leo, au ni uongo leo? Tukisema ni lazima iwe mojawapo tangu sasa, basi ya kesho yamekwisha kuamuliwa, na kushauriana kwetu ni bure. Tukisema si kweli wala si uongo, tumeigusa nguzo ya mantiki yote, ile inayosema kwamba kila kauli ni kweli au si kweli, hakuna ya tatu. Karne ya kumi al-Farabi, mwanafalsafa wa ulimwengu wa Kiislamu, alilichambua swali hilo upya. Mwaka 1920 Mpolandi Jan Łukasiewicz akachukua hatua ambayo wengine waliiogopa: akaandika mantiki yenye thamani tatu, yaani kweli, si kweli, na ile ya katikati kwa mambo ambayo bado hayajaamuliwa.

Wakati huo mantiki hiyo ilionekana kama mchezo wa wanafalsafa. Miaka 15 baadaye wanafizikia wakaanza kuihitaji.

Einstein adai majibu yawepo

Tarehe 15 Mei 1935 jarida la Physical Review lilichapisha makala ya Albert Einstein, Boris Podolsky na Nathan Rosen. Hoja yao ilikuwa hii. Chembe mbili zinatoka pamoja mahali pamoja, kisha zinaachana na kwenda mbali. Fizikia ya kwantumu, ile inayohusu chembe ndogo kama hizo, inasema zinaweza kubaki zimefungamana, kiasi kwamba ukipima mahali ilipo ya kwanza unajua hapo hapo mahali ilipo ya pili, bila kuigusa. Ukiamua badala yake kupima mwendo wa ya kwanza, unajua mwendo wa ya pili. Sasa, wakasema, ikiwa naweza kujua jibu la chembe iliyo mbali bila kuisumbua hata kidogo, basi jibu hilo lilikuwepo tangu awali. Na kwa kuwa fizikia ya kwantumu haiwezi kutoa majibu yote mawili kwa pamoja, basi haijakamilika.

Kwa lugha ya mantiki, Einstein alikuwa akidai kila kauli kuhusu chembe iwe na ukweli wake kabla ya kipimo, kama kauli kwamba kuna samaki kwenye wavu ilivyo na ukweli wake kabla wavu haujavutwa. Ni dai ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelitoa.

Niels Bohr wa Denmark alimjibu mwaka huo huo. Kwa Bohr, huwezi kuzungumzia mahali au mwendo wa chembe bila kutaja chombo kinachopima. Chombo cha kupimia mahali na chombo cha kupimia mwendo havikai pamoja, kwa hiyo maswali mawili hayo hayawezi kuwa na majibu yanayosimama pamoja. Naye Erwin Schrödinger, mwaka ule ule, akaupa mfungamano huo jina lake katika Kijerumani na kusema kwamba hilo ndilo jambo linaloitenga fizikia mpya na ya zamani.

Mwaka 1936 Garrett Birkhoff na John von Neumann walipendekeza kwamba tatizo liko kwenye mantiki yenyewe. Katika mantiki ya kawaida, nikisema mtu ni mrefu, na tena ni ama mvuvi ama mkulima, nimesema sawasawa na kwamba ni mrefu na mvuvi, au ni mrefu na mkulima. Kwa elektroni hesabu hiyo inakataa. Unaweza kuthibitisha kwamba mzunguko wake unaelekea juu; na kila mara utakapoipima kwa mlalo itaelekea ama kulia ama kushoto. Lakini hakuna hali ya elektroni ambamo "juu na kulia" ni kweli pamoja, wala "juu na kushoto". Mwaka 1944 Hans Reichenbach akarudi kwenye njia ya Łukasiewicz, akazipa kauli ambazo hazijapimwa thamani ya tatu: isiyobainika. Mwaka 1968 Hilary Putnam akaandika kwamba mantiki inaweza kurekebishwa na majaribio, kama jiometri ilivyorekebishwa na Einstein. Wengi hawakukubaliana naye. Kubadilisha kanuni za kufikiri ili kuokoa picha ya chembe kulionekana kwao kuwa gharama kubwa mno.

Mwaka 1969

Mabishano ya Einstein na Bohr yangebaki ya kifalsafa kama si John Bell, mzaliwa wa Belfast aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN, Geneva. Mwaka 1964 alionyesha kwamba mjadala huo unaweza kupelekwa maabara. Kama chembe mbili zinabeba majibu yao tangu zilipoachana, na kama kinachofanywa huku hakiathiri kule, basi kuna kikomo cha mara ngapi majibu yao yanaweza kuafikiana. Fizikia ya kwantumu inatabiri maafikiano yanayovuka kikomo hicho. Mmoja kati ya Einstein na Bohr amekosea, na kipimo kitamtaja.

Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Simon Kochen na Ernst Specker walitoa uthibitisho mwingine, mkali zaidi kwa upande wa mantiki. Walichagua pande 117 ambazo chembe moja inaweza kupimwa, wakathibitisha kwamba huwezi kuyapa maswali yote hayo majibu ya ndiyo na hapana yasiyogongana, kama unataka kila jibu libaki lile lile bila kujali limeulizwa pamoja na maswali gani mengine.

Kisha ukaja mwaka 1969. Mwezi Oktoba John Clauser, Michael Horne, Abner Shimony na Richard Holt walichapisha njia ya kulifanya wazo la Bell kuwa jaribio la kweli. Mwaka huo huo, katika jarida la Physics Education, ilitoka makala fupi ya waandishi wawili: E. B. Mpemba wa Chuo cha Mweka, na D. G. Osborne wa Dar es Salaam.

Osborne alikuwa ametimiza ahadi. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara alijaribu swali la Mkwawa. Fundi akaleta habari kwamba maji yaliyoanza ya moto yameganda kwanza kweli, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Maneno hayo yanastahili kukumbukwa katika kila maabara. Yule fundi alikuwa ameona kwa macho yake, lakini moyoni kauli ilikuwa imeshapewa thamani ya uongo, na kilichobaki ni kusubiri vyombo viikubali hukumu.

Waliendelea kurudia, na jibu likabaki lile lile. Walitumia sentimita za ujazo 70 za maji katika bika za sentimita za ujazo 100, zikiwa zimewekwa juu ya kipande cha povu gumu lisilopitisha joto, ndani ya friza ya jokofu la nyumbani. Waliandika muda wa kuanza kuganda kwa kila joto la kuanzia. Maji yaliyochelewa kuliko yote hayakuwa ya moto. Yalikuwa yale yaliyoanza na nyuzi 25 hivi. Walipoweka utando wa mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa sana, dalili kwamba joto jingi lilikuwa likitokea juu. Walikadiria maji yanayopotea kwa mvuke wakaona hayatoshi kueleza tofauti yote. Hawakudai zaidi ya hapo.

Askari watatu

Jaribio la Bell lilifanywa kwa mara ya kwanza na Stuart Freedman na Clauser huko Berkeley mwaka 1972. Alain Aspect na wenzake walilifanya kwa ukali zaidi Ufaransa mwaka 1982. Mwaka 2015 kundi la Delft, Uholanzi, lilipima elektroni zilizotengana kilomita 1.3 na kuziba mianya mikuu iliyokuwa imebaki. Mara zote kikomo cha Bell kilivukwa. Mwaka 2022 Aspect, Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel.

Kuvukwa kwa kikomo ni jambo la takwimu, na takwimu humwacha msomaji na mashaka. Lakini mwaka 1989 Daniel Greenberger, Horne na Zeilinger walipata njia ya kuonyesha mgongano huo kwa mantiki tupu, bila asilimia. Inahitaji chembe tatu zilizofungamana. Ili tuifuate, tuwaweke askari watatu mahali pa chembe hizo: mmoja yuko Rubondo, mmoja Burigi, mmoja Serengeti. Hawana redio. Kila mmoja ataulizwa swali moja tu kati ya mawili, swali A au swali B, naye atajibu ndiyo au hapana.

Kuna kanuni mbili ambazo hazivunjwi kamwe. Ya kwanza: mmoja akiulizwa A na wawili B, idadi ya "hapana" huwa witiri, yaani moja au tatu. Ya pili: wote watatu wakiulizwa A, idadi ya "hapana" huwa shufwa, yaani hakuna au mbili.

Sasa tuseme, kama alivyotaka Einstein, kila askari aliondoka na majibu yake yote mawili mfukoni. Tuhesabu "hapana" kwa mipango mitatu ya maswali: Rubondo akiulizwa A na wengine B, Burigi akiulizwa A na wengine B, Serengeti akiulizwa A na wengine B. Kwa kanuni ya kwanza kila mpango unatoa witiri, na witiri tatu zikijumlishwa ni witiri. Lakini katika jumla hiyo kila jibu la B limehesabiwa mara mbili, maana kila askari ameulizwa B katika mipango miwili. Majibu ya B kwa hiyo yanachangia shufwa. Witiri iliyobaki lazima itoke kwenye majibu matatu ya A. Basi wote wakiulizwa A, "hapana" zitakuwa witiri. Kanuni ya pili inasema zitakuwa shufwa.

Hakuna namna ya kuyapanga majibu yaliyomo mifukoni ili yatii kanuni zote mbili. Chukua karatasi ujaribu; mipangilio yote ni 64, na hakuna hata mmoja unaopita. Lakini fotoni tatu, yaani chembe za mwanga, zinatii. Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 2000 na kundi la Zeilinger, na matokeo yalikwenda upande wa kwantumu.

Hapa ni lazima tuseme kwa uangalifu kilichothibitishwa. Kilichoanguka ni picha ya majibu yaliyomo mfukoni tangu mwanzo, yasiyoathiriwa na swali aliloulizwa mwenzake aliye mbali. Mtu anaweza kuokoa sehemu ya picha hiyo kwa kulipa bei mahali pengine. David Bohm, mwaka 1952, alizipa chembe mahali pake pa hakika wakati wote, lakini akakubali kwamba kinachofanywa huku kinagusa kule mara moja. Hugh Everett, mwaka 1957, alisema majibu yote hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu. Wafuasi wa Bohr wanasema jibu huzaliwa pamoja na kipimo. Wanafizikia hawajaafikiana. Wanachokubaliana ni kwamba huwezi kupata yote bure.

Kutojua kwa namna tatu

Tukiziweka njia zetu mbili pamoja tunaona kwamba "sijui" si neno la maana moja. Kuna kutojua kwa kawaida: jibu lipo, sijalifikia. Uzito wa sangara aliye ndani ya wavu uko hivyo ulivyo hata kabla ya mizani. Kuna kutojua kwa sababu swali halijakamilika: likishatajiwa masharti yake, litapata jibu. Na kuna kule ambako fizikia ya kwantumu imetulazimisha kukufikiria: swali limekamilika, kila kinachoweza kujulikana kinajulikana, na bado huwezi kudai kwamba jibu lilikuwepo kabla ya kipimo.

Kauli tupu kwamba maji ya moto huganda haraka, isiyotajiwa masharti aliyoyataja Mpemba, ni ya namna ya pili, na mjadala wake mpaka leo unaonyesha hivyo. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza iliitisha shindano la kuieleza, na watu zaidi ya 22,000 wakaleta majibu. Walitaja mvuke, mizunguko ya maji ndani ya chombo, hewa iliyoyeyuka, na maji yanayoshuka chini ya sifuri bila kuganda. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa makini muda wa maji kufikia nyuzi sifuri, wasione tofauti iliyodaiwa. Wakaonyesha kwamba kipimajoto kikipandishwa au kushushwa sentimita moja tu, matokeo yanaweza kugeuka. Lakini kufikia nyuzi sifuri si kuanza kuganda, na kuanza kuganda si kuganda kabisa. Ni maswali matatu, na kila moja lina jibu lake kwa kila chombo na kila friza. Mwalimu aliyesema haliwezekani na mtu anayesema kila mara hutokea wote wamejibu swali ambalo halijaulizwa.

Njia zinapokutana

Kuanzia mwaka 2017 wanafizikia waliliangalia jambo la Mpemba nje ya maji: je, mfumo wowote ulio mbali zaidi na utulivu unaweza kuutangulia ulio karibu? Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer huko Kanada waliliona kwa punje ndogo ndani ya maji iliyosukumwa kwa nguvu za mwanga, mara hii bila ubishi wa vipimajoto, kwa kuwa kila sharti lilikuwa mikononi mwao.

Kisha, mwaka 2023, Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese, kutoka kundi la utafiti la Trieste, Italia, walichapisha makala katika Nature Communications kuhusu mnyororo wa chembe zilizofungamana. Walichukua mnyororo ambao ulinganifu wake umevunjwa mwanzoni, wakauachia ujiendeshe, wakatazama kipande chake kidogo. Kadiri kipande kinavyofungamana na mnyororo uliobaki, ndivyo kinavyosahau uvunjifu ule na kurudi kwenye ulinganifu. Walibuni kipimo cha kuonyesha umebaki uvunjifu kiasi gani, kilichojengwa juu ya mfungamano wenyewe. Wakakuta kwamba katika hali fulani kilichovunjwa zaidi hupona mapema kuliko kilichovunjwa kidogo. Wakauita mwenendo huo kwa jina la Mpemba. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, waliushuhudia kwa ioni 12 zilizonaswa kwenye chombo kimoja.

Hivyo ndivyo mfungamano uliomsumbua Einstein mwaka 1935 ulivyotumika kulipima jambo lililomsumbua mwanafunzi wa Magamba mwaka 1963. Maneno "fizikia ya Mpemba", yaliyotamkwa Iringa kumnyamazisha kijana, leo yangeweza kuwa kichwa cha sura katika kitabu cha chuo kikuu, na hakuna atakayecheka. Kule Trieste ndiko Abdus Salam wa Pakistan alikoanzisha, mwaka 1964, kituo cha fizikia kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Na tangu 2018 tawi lake la Afrika Mashariki liko Kigali, safari ya basi kutoka Mwanza.

Najali historia hii kwa sababu ya madarasa yetu. Mwanafunzi wa Pasiansi au Nyamanoro, jijini Mwanza, anayeuliza jambo linalopingana na kitabu anaweza kupewa majibu matatu. La kwanza ni kwamba haliwezekani. La pili ni kwamba kitabu kinasema hivi. La tatu ni lile la Osborne: sijui, rudia swali lako taratibu, tutalijaribu. Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, lakini methali hiyo haina nguvu kama anayeulizwa hayuko tayari kuiacha kauli isimame kwa muda bila kuiita kweli wala uongo. Wanamantiki wakubwa wa karne iliyopita walihitaji miaka mingi kukubali kwamba nafasi hiyo ipo. Mwalimu mmoja wa Dar es Salaam aliitoa siku ile ile, mbele ya ukumbi unaocheka.

Vifaa vya kufuata mfano wake si haba. Nyumba nyingi za Mwanza zina friza inayogandisha barafu za ubuyu na ukwaju. Chukua vikombe viwili vinavyofanana, pima maji ya ujazo sawa, andika joto la kuanzia, andika vikombe vimekaa wapi, amua mapema utahesabu muda mpaka barafu ya kwanza au mpaka kikombe chote kigande, kisha rudia mara nyingi na uandike hata matokeo usiyoyapenda. Anayefanya hivyo ana haki ya kusema kweli au si kweli. Anayetaka kusema haliwezekani naye aanze kwa kutaja lipimwe vipi.